Gari la unga limefika Ganze: tunapima huduma ya vikundi vidogo vya kujitolea

Mvua za vuli zikikosa kunyesha Kilifi bara, yaani Ganze na maeneo jirani ya Pwani ya Kenya, ujumbe huanza kuzunguka kwenye WhatsApp: picha ya silanga (bwawa la maji ya mvua) lililokauka, namba ya paybill ya kuchangia kwa M-Pesa, jina la kijiji upande wa Bamba, Vitengeni au Marafa, na ahadi kwamba gari litaondoka Jumamosi. Anayeutuma mara nyingi ni kikundi cha watu kumi au ishirini wa Mombasa, Malindi au Nairobi, pamoja na vijana wa Pwani walioko Saudia na Qatar. Hawana ofisi, hawalipwi, na gari lenyewe wamekodi au wameazimwa. Hapa tunaipima huduma hiyo kama ambavyo ungepima fundi au duka: hela imetoka, nani amepata nini, kimemfikia kikiwa katika hali gani, na kimemfaa kwa siku ngapi. Hatutaji kikundi chochote kwa jina, kwa kuwa vingi vinafanana, kwa mazuri na kwa makosa.

Tunavipa nyota 3 kati ya 5. Tatu hizo wamezipata kwa kufika. Njia ya kutoka kwenye lami hadi boma ambalo halimo katika orodha yoyote ya msaada wa serikali, wao wanaijua, na huwa wameshafika wakati mashirika makubwa bado yanaandika ripoti ya tathmini. Katika ukame uliokula misimu mitano ya mvua mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, ambao serikali ya Kenya iliutangaza kuwa janga la kitaifa Septemba 2021, vijiji vingi vya ndani viliona mfuko wa unga wa watu wa kujitolea kabla ya kuona kitu kingine chochote. Nyota mbili wamezipoteza kwa sababu ya hesabu ya kapu, na kwa desturi ya kugawa mara moja kwa umati mkubwa kisha kupotea mpaka ukame mwingine.

Kapu lenyewe

Kapu la kawaida lina pakiti mbili za unga wa kilo 2, kilo moja ya maharagwe, lita moja ya mafuta, kilo ya sukari, chumvi, majani ya chai na kipande cha sabuni. Kwenye picha linajaa. Kwenye hesabu halijai.

Kiwango kinachotumiwa na mashirika ya misaada duniani kupanga chakula ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, wakubwa kwa wadogo wakijumlishwa. Kaya ya watu sita inahitaji 12,600 kila siku. Unga kilo 4 una takriban 14,400, maharagwe 3,300, lita ya mafuta 8,100, sukari 4,000. Jumla ni kama 29,800, yaani siku mbili na kidogo. Familia italivuta kapu hilo hadi wiki kwa kula mlo mmoja, watoto wakitangulia na mama akikwangua sufuria, lakini huko ni kuvuta tu, njaa iko palepale. Kikundi kinachoandika kwenye bango kwamba kapu lake linalisha familia kwa mwezi kinafaa kuombwa kionyeshe hesabu yake.

Kapu kamili la mwezi linajengwa hivi: gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, gramu 60 za kunde au jamii yake, gramu 25 za mafuta, gramu 5 za chumvi. Hapo unapata karibu asilimia 90 ya mahitaji, na ukiongeza gramu 50 za unga wa uji wa mahindi na soya ulioongezwa virutubisho unakaribia kutimiza. Kwa kaya ya watu sita kwa siku 30 hiyo ni kilo 72 za nafaka, karibu kilo 11 za kunde, lita 5 za mafuta na chumvi isiyofika kilo moja. Ni mzigo mkubwa kwa kikundi kinachochanga shilingi mia mia. Ndiyo maana tunapendekeza nusu yake, ambayo inawezekana na inaonekana mwilini: mahindi kilo 36, pojo au kunde kilo 6, mafuta lita 2 na nusu, chumvi nusu kilo. Gawa mara mbili kwa mwezi. Kilo 18 za mahindi ni debe moja, na debe ni mzigo ambao mama anaweza kuubeba kichwani bila kulipa bodaboda. Ukimpa zote 36 kwa siku moja, ama ataacha nusu kwa mtu njiani, ama atauza sehemu ili alipie usafiri.

Sasa gari. Kanta, lile lori dogo, iliyobeba tani 3 inatosha kaya 66 kwa hiyo nusu ya kapu kamili kwa mwezi mzima, au kaya 375 kwa lile kapu dogo la kilo 8. Vikundi vingi huchagua 375, na si vigumu kuona kwa nini: mstari ni mrefu, shukrani ni nyingi, wachangaji wanafurahi. Sisi tunachagua 66, tena kwa miezi mitatu, kuanzia Januari mpaka Machi. Njaa haichukui chakula peke yake. Inachukua mbuzi wa mwisho, anayeuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu kila mtu anauza wakati huohuo. Inachukua mbegu iliyotundikwa juu ya moshi wa jiko. Inachukua miti, kwani mwenye shida huingia msituni kuchoma makaa. Kapu la siku mbili haliokoi kimoja kati ya hivyo. Mtu aliyehakikishiwa debe kila baada ya wiki mbili anaweza kumwacha mbuzi wake zizini.

Kuna hoja dhidi yetu, na ni ya kweli. Katika kijiji chenye majiko 300, yaani kaya 300 zinazopika kivyake, ukichagua 66 umepanda ugomvi, na hata pasipo ugomvi chakula kitagawanywa: anayepokea atapeleka kibaba kwa shemeji, kibaba kwa jirani, na nusu yako inakuwa robo. Dawa yake si kuongeza majina. Chagua kijiji kidogo na ukichukue kizima, usichukue vipande vya vijiji vitano. Chifu hatapenda, kwa kuwa anataka kila mtaa wake upate kidogo. Zungumzeni naye mapema, kabla gari halijapakiwa.

Mahindi au unga?

Mahindi ni nafuu kwa kilo, yanakaa zaidi, na hayapotezi kitu kwenye kukoboa. Tatizo ni mashine ya kusaga. Pengine iko mbali, dizeli imeisha, na mwenye kupewa mahindi hana hela ya kusagia, kwa hiyo anamwachia mwenye mashine sehemu ya mahindi au anauza kikopo. Kikundi kinachogawa mahindi bila kuweka ada ya kusaga kwenye bajeti kimepunguza kapu bila kujua. Njia inayofanya kazi ni kulipana moja kwa moja na mwenye mashine: kila mwenye kadi ya kikundi asagiwe debe moja, naye alipwe mwisho wa wiki kwa kadi alizokusanya.

Unga wa pakiti hauhitaji mashine, na tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa viwandani na mafuta ya kupikia viongezwe virutubisho, jambo ambalo debe la mahindi ya sokoni haliwezi kutoa. Beli moja ni pakiti 12 za kilo 2. Inahesabika haraka, na ni vigumu kuidokoa bila kuonekana. Kama mashine iko zaidi ya mwendo wa saa moja, nunueni unga. Kama iko karibu, nunueni mahindi. Unga wa kusaga bila kukoboa msiuhifadhi kwa wiki nyingi kwenye joto la Ganze, maana mafuta ya kiini huchacha na sima huwa chungu.

Wanaonunua mahindi wasikilize hapa kwa makini, kwa sababu kosa la hapa linaua. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua kwa sumu ya aflatoksini iliyokuwa kwenye mahindi, na 125 walikufa. Sumu hiyo hutokana na ukungu unaoshika mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Kuchemsha hakuiondoi, kusaga hakuiondoi, na huwezi kuiona kwa macho. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya ni sehemu 10 kwa bilioni. Mahindi ya bei ya ajabu yanayouzwa upesi baada ya mvua ndiyo ya kuogopa. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Asiye na kipima unyevu achukue chupa kavu ya kioo, atie mahindi na chumvi iliyokaushwa vizuri, aitikise, aiache kwa dakika 15 hivi. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayo bado ni mabichi na msinunue. Jaribio hili linapima unyevu tu. Halisemi chochote kuhusu sumu iliyokwisha kuingia, kwa hiyo mzigo wa tani kadhaa unafaa kupelekwa sampuli maabara, na msagaji mkubwa wa mjini mara nyingi ana kipimo chake na atakubali kuwasaidia mkimwomba kwa adabu.

Pimeni pia uzito. Gunia huandikwa kilo 90, lakini kilichomo kinaweza kuwa pungufu, na ukipima kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, tofauti kati ya kopo la mlima na kopo lililofutwa kwa ubao ni kubwa kiasi cha kuzua vita kwenye mstari. Mizani ya kuning'iniza mtini inamaliza maneno. Na kama mzigo utalala kijijini, dumuzi atatangulia kula: mdudu huyu aliingia Kenya kupitia Taveta mwanzoni mwa miaka ya 1980, na anaweza kugeuza gunia kuwa vumbi kwa miezi michache. Mifuko ya plastiki ya tabaka tatu isiyopitisha hewa humuua bila dawa, mradi mahindi yawe makavu na mdomo ukazwe vizuri. Tobo moja linaharibu kazi yote.

Kuhusu maharagwe: yaacheni. Maharagwe makavu, hasa ya zamani yaliyokaa kwenye joto, yanachukua saa mbili au tatu motoni, na mahali ambapo jerikani la lita 20 linafuatwa kilomita kadhaa, sufuria ya maharagwe ni gharama. Watu huishia kutia magadi ili yaive. Pojo zinaiva kwa dakika 40 hivi bila kulowekwa, zinajulikana katika kila jiko la Pwani, na zinanunulika Kongowea kwa gunia. Kunde nazo ni nzuri. Mafuta nunueni ya pakiti au chupa za nusu lita. Kumimina kutoka jerikani kubwa kwenye vichupa vya watu ni kazi ya saa nzima, yanamwagika, na wa mwisho hukosa. Sukari tungeiondoa kabisa, ingawa tunajua wazee watalalamika, na chai bila sukari katika nyumba ya Mgiriama si chai. Kama fedha zipo, sawa.

Nani ameandikwa

Hapa ndipo vikundi vinapotofautiana zaidi, na mchangaji hapaoni kamwe.

Kosa la kwanza ni kuhesabu maboma. Boma moja Ganze linaweza kuwa na mzee, wake watatu, na wana waliooa, kila mke ana jiko lake. Ukiandika jina la mzee, kapu moja linaingia kwenye majiko matano, au linaishia kwenye jiko moja. Hesabuni majiko, na muandike jina la anayepika. Kosa la pili ni kuchukua orodha ya ofisini na kuigonga muhuri. Hatusemi wazee wa mitaa ni wezi. Orodha yao imeandikwa kwa ajili ya kitu kingine, imezeeka, ina marehemu, na aliyehamia mwaka jana hayumo.

Utaratibu unaofaa huchukua siku mbili. Siku ya kwanza ni baraza: kijiji chenyewe kinaambiwa kitaje vigezo vya mwenye shida zaidi. Majibu huwa yaleyale, na ni bora kuliko fomu za mjini: asiye na mbuzi hata mmoja, bibi anayelea wajukuu peke yake, mgonjwa asiyeweza kwenda kibarua, nyumba isiyo na mtu anayetuma hela kutoka Mombasa. Kisha majina yanatajwa hadharani. Siku ya pili watu wawili wa kikundi, pamoja na mwanamke wa kijiji asiye jamaa wa mzee wa mtaa, wanapita kwenye majiko wakiangalia. Orodha ya mwisho inasomwa tena mbele ya watu na kubandikwa. Jina la uongo haliwezi kusimama mbele ya majirani.

Msidai kitambulisho kama sharti. Wakongwe wengi hawana, na wengine wamekiweka rehani dukani. Kadi ya kikundi yenye namba na muhuri inatosha, na kidole gumba kwenye daftari. Wekeni pia akiba ya asilimia 5 hadi 10 ya mzigo, kwani siku ya kugawa atatokea mtu ambaye kila mmoja anakubali kwamba alisahauliwa.

Siku yenyewe: vifurushi vifungwe jana yake Kilifi au Mariakani, si kijijini. Mkifika, wajawazito, wenye watoto migongoni na wakongwe watangulie, mbele ya hotuba zote. Kivuli na maji ya kunywa viwepo. Muwe mmemaliza kabla ya alasiri ili anayekaa mbali afike kwake mchana. Mwaka wa uchaguzi msitangaze tarehe mapema: mheshimiwa akisikia gari liko njiani atalitangulia na kofia zake, na wiki ijayo mtasikia kuwa chakula kilikuwa chake.

Wakati wa kwenda

Michango hujaa Desemba na katika Ramadhani. Njaa ina kalenda yake. Kilifi bara masika huanza mwisho wa Machi na kuendelea Mei, mavuno yake ni Julai na Agosti. Vuli ni Oktoba hadi Desemba, na wanaobahatika huvuna Januari au Februari. Vuli ikikosa, kipindi kibaya kabisa ni Februari hadi mavuno ya masika, na mwisho wake, Mei na Juni, shamba ni la kijani na ghala ni tupu. Ramadhani husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, hivyo miaka mingine inaangukia penyewe na miaka mingine inapita mbali. Desemba, mara nyingi, ni mapema mno au si lazima.

Safari yenye thamani kuliko zote ni ile ambayo karibu hakuna anayeichangia: Aprili, wakati wa kupanda na kupalilia. Mwenye njaa wakati huo huenda kulima shamba la mwingine ili apate cha kula jioni, na shamba lake linapandwa mwisho au linaliwa na magugu. Debe mbili za mahindi Aprili ni palizi ya kwanza ya shamba lake mwenyewe. Kama kikundi kina fedha za safari moja tu kwa mwaka, tungekishauri kiiweke hapo, hata kama picha zitaonyesha majani mabichi na wachangaji watauliza ukame uko wapi.

Wengi wakifika Aprili hutaka kubeba mbegu pia. Ni wazo zuri lenye mitego. Ekari moja ya mahindi inataka kama kilo 10 za mbegu. Zinazofaa huku ni za Pwani, kama PH4, au ile ya kienyeji ya Mdzihana ambayo wazee wanaipenda kwa utamu na kwa kuwa wanaweza kuhifadhi mbegu yake. Mbegu chotara za nyanda za juu zinazotolewa bure na msamaria wa Nairobi zitakauka kabla ya kutoa hariri. Halafu kuna rangi. Mbegu za dukani hupakwa dawa na kutiwa rangi ili zisiliwe, lakini nyumba yenye njaa itaziosha na kuzipika. Iraq, mwaka 1971 na 1972, ngano ya mbegu iliyotiwa dawa ya zebaki iligawiwa wakulima, ikaokwa mkate, na watu 459 walikufa hospitalini. Kwa hiyo mbegu isigawiwe kamwe peke yake. Iende pamoja na chakula, siku hiyohiyo, na ielezwe kwa Kigiriama, si kwa maandishi ya Kiingereza kwenye paketi.

Wakati gari halihitajiki

Kuna msimu ambao mahindi yamejaa maduka ya Bamba na tatizo ni mfuko mtupu wa mnunuzi. Hapo kukodi kanta kutoka Mombasa ni kuchoma dizeli bure, tena mnamuumiza mwenye duka wa kijijini ambaye ndiye aliyekuwa akiwakopesha watu. Tumeni hela kwa M-Pesa au mtoe vocha. Ulizeni kwanza mambo matatu: duka lina mzigo wa kutosha, bei imepanda kiasi gani tangu mwezi uliopita, na wakala ana hela taslimu ya kutosha. La mwisho husahaulika. Watu 60 wakipokea ujumbe asubuhi moja, wakala mmoja hataweza kuwalipa, nao watatembea mpaka mji unaofuata. Wakongwe wengi wana laini iliyosajiliwa kwa jina la mjukuu, na hela ya mjukuu ina mambo yake. Kwa hao, vocha ya dukani ni salama zaidi: karatasi yenye namba, kiasi na orodha fupi ya bidhaa, mwenye duka analipwa akirudisha vocha zilizotiwa kidole gumba.

Watoto

Kapu halitibu mtoto aliyekonda. Kila kikundi kibebe utepe wa kupima mkono, ambao ni rahisi na unafundishika kwa nusu saa. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzunguko wa katikati ya mkono wa juu ukiwa chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na mtoto huyo anahitaji kituo cha afya leo. Kati ya 11.5 na 12.5 aandikwe na afuatiliwe. Miguu iliyovimba ni hatari hata kama mkono unaonekana mnene. Kazi ya kikundi ni kumpata mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji hicho na kulipia bodaboda ya mama mpaka zahanati. Zile pakiti za siagi ya karanga za gramu 92 ni tiba yenye ratiba na kipimo, na hazigawiwi mstarini. Maziwa ya unga ya watoto wachanga yasipakiwe kabisa: maji ni machafu, chupa hazichemshwi, na mama akiacha kunyonyesha kwa wiki moja maziwa yake yatapungua wakati kopo la msaada limekwisha.

Fedha na picha

Kikundi kizuri hutoa vitu vitatu baada ya safari: risiti ya manunuzi, karatasi ya mizani, na idadi ya majiko yaliyopokea pamoja na kilo za kila moja. Wanaojisifu kwamba kila shilingi inakwenda kwenye chakula tunawaogopa kidogo. Dizeli, ada ya kusaga, mizani, nauli ya kwenda kukagua orodha, hivyo vyote ni sehemu ya huduma, na asipovilipa mtu waziwazi vitalipwa kichinichini kutoka kwenye magunia. Usajili nao si mgumu: kuna Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, na kikundi kilichosajiliwa kinaweza kufungua akaunti yenye saini za watu watatu badala ya kuweka michango kwenye simu ya mwenyekiti.

Picha ya mtoto mwenye kamasi akishika pakiti ya unga haihitajiki na mtu yeyote, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 unatakiwa kupata idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Pigeni picha magunia, mizani na daftari lililofunikwa majina.

Kwa anayetaka kuchanga, maswali ya kumuuliza mwenye paybill ni machache: mnagawa kilo ngapi kwa jiko, mtarudi lini kijiji hichohicho, orodha iliandikwa na nani, ada ya kusaga iko wapi kwenye bajeti. Akijibu manne hayo bila kupapasa, mtumie. Akisema tarehe ya kurudi itategemea michango, mwambie apunguze majiko mpaka tarehe ipatikane, kisha mtumie nusu sasa na nusu siku gari la pili likipakiwa.